Kuachana Bila Kuburutana Mahakamani

Tunajua wapo watakaosoma kichwa cha makala hii na kuuliza: tangu lini gazeti la familia likafundisha watu kuachana? Hatufundishi kuachana. Sisi ni akina mama watatu tunaojitolea katika kamati ya familia ya usharika wetu, mkoani Morogoro, na anayeshika kalamu ni muuguzi. Kazi yetu ni kupatanisha, na wengi tumewaona wakirudi nyumbani pamoja. Lakini wapo ambao ndoa yao ilikufa kabla hawajafika kwetu. Hao nao wana watoto wanaohitaji kula, kutibiwa na kusoma. Makala hii ni kwa ajili yao.

Dada mmoja wa kwaya alitujia akiwa ameolewa miaka 14. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa na nyumba nyingine na mtoto mwingine njiani huko anakopita. Hakuwa akimpiga mkewe. Aliacha tu kurudi. Tulipomwita alikuja, akakaa kwa heshima, akatuambia waziwazi: "Mama zangu, sitawadanganya. Mimi sirudi."

Hapo ndipo tulipokosea. Kwa karibu mwaka mzima tuliendelea kumwambia dada yule avumilie na kuomba. Kuomba si kosa. Kosa letu lilikuwa kujifanya hatukusikia alichosema mume. Wakati sisi tunamhimiza kuvumilia, ndugu wa pande zote mbili walikuwa wakijiandaa kwa vita. Bibi upande huu alisema lazima kesi ifunguliwe, mume avuliwe nguo hadharani. Baba mdogo upande ule alisema mwanamke atatoka na sanduku lake tu.

Siku moja tukiwa zamu, aliletwa binti yao mkubwa wa miaka 12, analalamika tumbo. Tulimpima, hatukuona ugonjwa. Tulipobaki naye akauliza kwa sauti ndogo: "Mama nesi, siku ya kesi nitasimama upande wa nani?" Alikuwa amemsikia bibi yake akisema yeye ndiye atakuwa shahidi. Usiku ule hatukulala vizuri. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na sisi tulikuwa tumesimama pembeni tunatazama.

SHERIA INASEMAJE?

Tulikwenda kuuliza kwa wanaojua, na tuliyojifunza twawashirikisha. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kukimbilia mahakamani kudai talaka bila kupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Mawakili hawaruhusiwi kuwasemea wahusika pale. Baraza husikiliza na kujaribu kupatanisha. Likishindwa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na ombi la talaka lazima lipelekwe mahakamani kabla hati hiyo haijapita miezi sita. Ipo misamaha michache, kama vile mwenzi aliyetoroka na hajulikani aliko.

Shikeni jambo moja: baraza halivunji ndoa. Ndoa ya Kikristo kama zetu haivunjwi na mchungaji wala na kikao cha ukoo. Mwenye uwezo wa kutoa talaka ni mahakama. Lakini mambo yanayowatoa watu machozi kortini, yaani watoto wakae na nani, nani alipe ada, na nyumba iwe ya nani, mume na mke wanaweza kuyamaliza mezani, wakayaandika, na makubaliano hayo yakawekwa ndani ya ombi la talaka. Hakimu huyaangalia kama ni ya haki. Hapo hapabaki kitu cha kugombania, wala mtoto wa kuitwa shahidi.

TULIVYOKETI

Baraza lilijaribu kuwapatanisha, likashindwa, likatoa hati. Ndipo tukawaomba wote wawili waketi nasi, kila mmoja na mzee mmoja tu wa upande wake. Tuliketi barazani kwa mmoja wetu, Jumamosi nne. Masharti yalikuwa machache. Kila mtu anasema kwa zamu. Siku ya kuzungumzia watoto, mwanamke yule mwingine hatajwi. Watoto hawawepo karibu. Kila kinachokubaliwa kinaandikwa kwenye daftari na kusomwa kwa sauti kabla ya kuondoka.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya watoto. Sheria inatanguliza ustawi wa mtoto, na huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake, isipokuwa ikionekana vinginevyo. Mdogo wao alikuwa na miaka mitano. Walikubaliana wote watatu wabaki kwa mama, na baba awaone kila akirudi kutoka safari. Jumamosi ya pili tulihesabu: unga, ada, sare, dawa. Mume alipunguza hesabu, mke akaipandisha, tukaipitia upya kitu kimoja kimoja hadi jioni.

Jumamosi ya tatu tulifika kwenye nyumba. Vyumba vitatu, bati jipya, kiwanja kwa jina la mume. Dada yule akainamisha kichwa akasema: "Nimechoka. Nyumba abaki nayo. Nipeni watoto na cherehani yangu."

Wazee wakashusha pumzi. Baba mdogo akasema, "Huyu kweli ni mwanamke mwenye busara." Na sisi, akina mama wenzenu, tulikaribia kusema amina. Tulitaka amani, na amani ilikuwa mbele yetu imeiva. Lakini tulijiuliza: hii ni amani ya nani? Watoto watatu walale wapi Jumapili?

Tukamwomba asijibu siku hiyo. Tukawaeleza wote kwamba sheria ikigawa mali iliyochumwa pamoja hutazama mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Jina lililoandikwa kwenye kiwanja si mwisho wa maneno. Kisha tukauliza swali moja tu: nyumba hii ilijengwaje?

Kimya kilikuwa kirefu. Aliyekivunja alikuwa mume mwenyewe. "Maji ya kufyatulia matofali alibeba yeye," alisema. "Na mimba ya huyu mdogo ilikuwa tumboni." Baba mdogo akataka kusema kitu, akanyamazishwa na mwanawe.

Jumamosi ya nne waliafikiana. Nyumba kwa mama na watoto. Shamba la ekari tatu na pikipiki kwa baba. Mkopo wa bati waulipe nusu kwa nusu. Kabla ya kutia sahihi, dada alipeleka karatasi ile kwa msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, akasomewa kila kifungu. Mahakamani hakimu aliwauliza kila mmoja kama alikubali kwa hiari yake. Wote walisema ndiyo.

MEZA HII SI YA KILA MTU

Twasema hili kama wauguzi tunaosafisha vidonda. Mwanamke anayepigwa au kutishiwa asiketishwe mezani kujadiliana na anayempiga. Atakubali lolote, kwa kuwa anajua usiku utakuja. Huyo aende kwanza polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3 na atibiwe. Mambo yake yaamuliwe mahali ambapo mume hawezi kumkodolea macho. Kanisa lisimrudishe kwa neno la kuvumilia.

Na wewe ambaye hupigwi lakini umechoka, usikubali jambo siku ya machozi. Uliza kwanza sheria ingekupa nini mahakamani, ndipo uamue unachosamehe na unachobakiza. Orodhesha mali na madeni. Kumbuka pia kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi mwingine. Ukisikia fununu ya kuuzwa, nenda haraka kaulize namna ya kuweka zuio.

Mtume Paulo aliwasikitikia Wakorintho waliopelekana mbele ya mahakimu wakati kati yao wenyewe walikuwepo wa kuwaamua. Tulilipenda fundisho hilo tangu zamani. Sasa tunaona linatudai sisi waamuzi pia: anayetaka watu wasiende kortini lazima meza yake iwe ya haki kuliko korti, la sivyo anaficha dhuluma tu.

Siku ya kutia sahihi hatukushangilia. Dada alilia, na sisi tukalia naye, maana ndoa ikifa ni msiba. Lakini binti yule hakurudi tena zahanati na tumbo. Juzi tulimwona stendi na wadogo zake, wakisubiri lori la baba yao. Alitupungia mkono. Mama yake alikuwa nyumbani, anashona, kwenye nyumba ambayo maji ya matofali yake alibeba mwenyewe.

Mungu azilinde nyumba zenu. Na ile ambayo haikulindika, asiwaache walioishi ndani yake.