Rangi za Kima Zatoka Wapi?



Mwaka 1833 Mjerumani Constantin Gloger aliandika kwamba wanyama wa nchi zenye joto na unyevu huwa na rangi nzito kuliko jamaa zao wa nchi kavu. Mwaka 2011 Jason Kamilar na Brenda Bradley walilinganisha aina nyingi za kima na jamaa zao, wakaona kuwa kweli penye unyevu mwingi manyoya huwa meusi zaidi. Wengine husema weusi humficha mnyama kivulini. Wengine, kwamba unywele mweusi hauliwi upesi na vijidudu.

Tuliposoma hayo darasani, mwenzetu mmoja aliuliza: mbona pale Jozani, Unguja, kima punju ana mgongo mwekundu na tumbo jeupe, na jirani yake msituni ni kijivu? Swali zuri. Rangi hurithiwa kwa wazazi, na mazingira hufanya kazi yake polepole, kwa kuwaacha wanaofaa wabaki na kuzaa. Hao wawili ni koo mbali, kila mmoja kaja na urithi wake. (Wala msidhani kima punju ametiwa weusi wa mabega na mkaa! Mkaa anaula kweli, ila ni dawa ya tumbo dhidi ya sumu ya majani ya miembe na mikungu.)

Lakini habari ya Costa Rica ilitushtua. Kima wa huko wanaonguruma ni weusi, wenye manyoya ya dhahabu ubavuni. Katika miaka ya 2010 walionekana baadhi yao wenye mabaka ya njano miguuni na mkiani. Watafiti wakiongozwa na Ismael Galván walichunguza nywele hizo, wakakuta rangi nyeusi imeipisha ya njano, ambayo mwili huitengeneza kwa salfa. Wanashuku dawa zenye salfa zinazonyunyizwa katika mashamba ya mananasi, ndizi na michikichi: kima hula majani yaliyopata dawa. Bado ni dhana, lakini haikungoja vizazi. Na mnyama mwenye mkia wa njano katika kivuli cha msitu atajificha wapi?

Kima punju nao huingia mashambani pembezoni mwa Jozani kula majani. Tumekubaliana kuwauliza wakulima wa huko wananyunyiza nini.