Jina Mfukoni mwa Mwingine

Msomaji kijana, siku si nyingi utatimiza umri wa miaka 18, nawe utakwenda kuomba kitambulisho. Utaweka vidole vyako juu ya kioo kidogo, mtambo utazisoma alama zake, na kazi itakwisha. Utatoka nje ukidhani kwamba jambo hili ni jepesi kwa watu wote. Mimi pia nilidhani hivyo, hata siku nilipofuatana na nyanya yangu.

Nyanya amepita miaka 75. Kitambulisho chake kilipotea sokoni, na bila kitambulisho mambo yake mengi yalisimama. Mimi ni mwalimu. Nilijiona kuwa ndiye mtu hasa wa kumsaidia. Tulifika ofisini asubuhi na mapema. Karani, kijana mwenye adabu, alimshika mkono akaviweka vidole vyake juu ya kioo. Mtambo ukakataa. Akavifuta kwa kitambaa, ukakataa. Akavitia maji, ukakataa tena. Miaka 50 ya kushika jembe na kuchuma majani chai ilikuwa imezifuta alama za vidole vile, vikawa laini kama kokoto za mtoni. "Hana alama," karani akasema, si kwa kiburi, bali kama mtu asomaye maneno aliyoandikiwa. Nyanya aliitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti. Nami, nasema kweli, niliaibika kwa ajili yake, ilhali mtambo ndio uliostahili aibu.

Saa nane mchana alipita karani mkuu. Aliuliza habari, akaandika kwamba vidole havisomeki, akampiga nyanya picha ya uso, na kazi ikaendelea. Kumbe njia ya pili ilikuwapo tangu asubuhi! Ila haikuandikwa ukutani, na aliyeijua alikuwa mtu mmoja.

Katika nchi yetu alama za vidole zina historia ndefu. Sheria ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande. Babake nyanya alikivaa shingoni, ndani ya kijaluba cha bati. Kipande kilibeba alama za vidole na habari za kazi ya mtu, ili bwana na polisi wamjue. Hakikufanywa kwa haja ya aliyekivaa. Wanawake walianza kuandikishwa baada ya sheria kurekebishwa mwaka wa 1978. Leo mambo yamegeuka: Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 12, inasema kwamba hati za kumtambulisha raia ni haki yake. Kifungu cha 54 nacho chawapa watu wenye ulemavu haki ya kupata habari, na ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya breli, au njia nyingine iwafaayo. Haki, basi, haiwezi kutegemea ulaini wa kidole.

Wala hili si neno langu peke yangu. Mwezi wa Januari 2020, Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Huduma Namba, ilikiri kwamba wako watu wawezao kuachwa nje kwa kukosa hati, au kwa kuwa alama za miili yao hazisomeki vyema. Ikataka ziwepo kanuni za kulizuia jambo hilo.

Lakini sijakueleza kosa langu mwenyewe. Siku ile ilipasa kufungua akaunti katika intaneti, na namba ya siri iletwe kwa simu. Nyanya hana simu. Hutumia ya jirani. Mimi, kwa haraka, nikaandika namba yangu. Kitambulisho kilipokuwa tayari, ujumbe ulikuja kwangu. Nilikuwa mbali, nikisimamia mitihani, na simu yangu imezimwa. Nyanya alikwenda ofisini kwa miguu mara mbili akirudi mikono mitupu. Niliporudi nyumbani hakunigombeza. Aliniita kwa utani wake wa siku zote: "Mume wangu, jina langu umelitia mfukoni mwako. Siku utakaponikasirikia, mimi nitakuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemvusha mlango, lakini ufunguo nimebaki nao. Juma lile lile nilimnunulia simu ndogo ya vitufe vikubwa, tukaibadili namba, naye akajifunza kuusikiliza mlio wa ujumbe na kumwita amtakaye aje kumsomea. Sasa huchagua mwenyewe wa kumsomea.

Nakuandikia wewe kwa sababu huenda kesho ukawa ndiye utengenezaye huduma hizi. Ukurasa wako na usomeke kwa sauti kwa asiyeona. Muda wa namba ya siri na uongezwe kwa mwenye mkono mzito. Maneno na yawe yale aliyozoea mtu wa kawaida. Asiye na simu na apate dirisha lenye mtu. Njia ya pili na iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, isiwe siri ya karani mmoja. Na kabla hujaifungua huduma yako kwa umma, usiijaribu kwa vidole vyako vyenye afya. Mwite kwanza mchuma chai, fundi wa mawe, kiziwi, na kikongwe. Ukae kando, umwache kila mmoja aitumie peke yake. Atakapokwama, usiseme, "Hana alama." Sema, "Kazi yangu haijakwisha," kisha urudi mezani.