Kuta za kijani za Kampala

Ukifika Kampala panda boda mpaka Kololo au Nakasero. Utaona kuta za nyumba zimejaa majani, utafikiri zimetandikwa zulia. Ule ni mtini unaotambaa, asili yake China na Japani, ukoo mmoja na mutuba ambao Waganda wanatengenezea nguo za magome.

Mwanzoni jani lake ni dogo kama ukucha, na unashika ukuta kwa mizizi midogo. Ukifika juu ndo unabadilika: unatoa matawi manene na majani makubwa, mizizi inaingia kwenye nyufa. Kwa hiyo unakatwa kwa mkasi kabla haujagusa paa, hasa wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Maziwa yake meupe yanawasha ngozi, watoto wasiyachezee.

Sasa sisi wa nyumba za udongo tusiuige. Ukuta wao ni wa saruji. Wetu, ukiung'oa mmea, udongo unatoka nao. Kama ni kivuli, simamisha vijiti hatua moja kutoka ukutani, upande marakuja au maboga. Kivuli utapata, na mboga watoto watakula.