Picha ya Tumbo Langu

Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Tatu, nilishikwa na tumbo usiku bwenini, nikajikunja kama jongoo hata kukapambazuka. Wenzangu waliponiuliza nina nini, nilisema malaria. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimekaa siku sita bila kwenda choo, nami niliona haya kulisema.

Nilipelekwa hospitali mjini Dodoma, nikapigwa picha ya eksirei. Daktari, mama mtu mzima, alinionyesha picha ile. “Tazama, mwanangu, utumbo mpana umejaa hata juu. Unakula nini?” Sikuwa na la kujibu. Maharage na mchicha nilikuwa nikiwapa wenzangu, mimi nikila sembe kwa mchuzi na mikate ya kununua. Na maji nilikunywa kidogo.

“Hili unaloliona haya, wako mabingwa waliolitafiti miaka mingi,” akasema, akanitajia jina la Denis Burkitt. Niliporudi shuleni nilimwomba mwalimu wa Biolojia anisaidie kusoma habari zake.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni, hata hivyo akawa daktari wa upasuaji. Alifanya kazi Uganda tangu 1946 hata 1964. Mwaka 1958 aliandika juu ya saratani ya taya za watoto, ambayo leo huitwa kwa jina lake. Tena aliona ya kuwa magonjwa mengi ya utumbo yaliyoenea Uingereza yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika. Akajiuliza sababu.

Mwaka 1972 yeye, pamoja na Alexander Walker na Neil Painter, walitoa makala katika jarida la Lancet. Watu walimezeshwa vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwa eksirei. Kisha kilichopigwa picha si miili yao, bali choo chao, ili kuhesabu vipande vilivyokwisha toka. Kwa watu wa jeshi la majini la Uingereza safari hiyo ilichukua zaidi ya saa 80. Kwa wanavijiji wa Uganda, karibu saa 36. Wanafunzi wa bweni wa Uganda walikuwa katikati. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu.

Sababu waliyoitoa ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea isiyosagika tumboni. Hizo hushika maji na kulainisha choo; nafaka ikikobolewa, nyingi huondoka pamoja na pumba. Wataalamu waliofuata wamepinga baadhi ya maelezo ya Burkitt, lakini faida ya nyuzinyuzi kwa utumbo imezidi kuthibitishwa.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa Bibi, wilaya ya Chamwino. Hapo lazima nikiri jambo. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, Bibi alinijia shuleni na mfuko wa unga wa uwele na mlenda mkavu. Niliogopa kuchekwa, nikamwambia shuleni hatuli vyakula vya namna hiyo. Alirudi nao kichwani, wala hakusema neno.

Basi jioni ile alisonga ugali wa uwele asioukoboa, akaweka na mlenda. Nilikula, nikamweleza habari za Burkitt, kisha nikamwomba radhi kwa mfuko ule. Akanyamaza kidogo, akasema, “Mjukuu wangu, yaani huyo Mzungu amepima choo cha watu ndipo wewe ukubali chakula changu?” Tulicheka hata machozi yakatutoka.

Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza, kuleni maharage yenu na mboga zenu, mnywe maji ya kutosha. Tumbo likikuuma, au ukikaa siku kadhaa bila choo, mwambie mlezi wa bweni mapema, usiseme malaria. Na bibi yako akija getini na mfuko wake, mpokee kwa mikono miwili mbele ya wenzako wote.