Cheni Huoshwa Kwanza

Katika ufundi wa baiskeli nilioufanya Mwaya tangu ujana, kazi iliyonichukua muda mwingi kuliko zote, hata kuliko kuziba pancha, ni kuosha cheni. Ardhi yetu ndiyo sababu. Bonde la Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka na tope la milimani, na ukikaribia ziwa unaingia kwenye mchanga. Baiskeli inatoka Ipinda na gunia la mchele, inapita njia za mashamba ya mpunga, inarudi na usipa kutoka ufukweni. Kila ilichokanyaga kinarukia kwenye cheni.

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha. Alinipa kipande cha cheni iliyokufa akaniambia nikivunje kwa nyundo, kisha nimweleze kinalika wapi. Nilimwonyesha meno ya friweli. Akakataa. Akashika pini niliyoitoa, akapitisha ukucha juu yake, nami nikaona kishimo upande mmoja. Pini hiyo hukaa ndani ya kibomba kidogo, na nje ya kibomba kuna rola inayozunguka juu ya meno ya gia. Aliyebuni cheni ya namna hii ni Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na karakana Manchester, mwaka 1880, na hadi leo baiskeli ya Phoenix iliyobeba mkungu wa ndizi kwenda Matema inatumia umbo lile lile. Kulika kote kumo mle ndani, kati ya pini na kibomba, mahali ambapo jicho halifiki.

Basi kama kulika kumo ndani, mafuta ya nje yana kazi gani? Hapo ndipo nimebishana na wateja maisha yangu yote. Watu wa kwetu hupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya lori, au mawese, maana mawese yako kila nyumba. Oili chafu imeshabeba vumbi la chuma. Mawese huganda asubuhi yenye baridi, na yakikaa hunata, mchanga ukashika humo. Ukipaka juu ya tope, unalisukuma tope liingie kwenye pini, na baiskeli inakuwa kimya kwa siku mbili tatu huku ikijisaga. Ukimya ule umewadanganya wengi.

Mimi hufungua kiungo chenye klipu, naitia cheni kwenye beseni la mafuta ya taa, naipiga mswaki wa meno uliochakaa, kiungo kwa kiungo, huku nikiikunja ili mchanga utoke. Nabadilisha mafuta ya taa mpaka yabaki meupe. Halafu naianika hadi ikauke kabisa, kwa kuwa mafuta ya taa yakibaki ndani huyayusha oili mpya. Klipu narudisha sehemu iliyofungwa ikielekea kule cheni inakokwenda, ili majani yasiisukume ikachomoka. Kisha tone moja la oili safi kwa kila rola, nazungusha pedeli, nangoja, nafuta nje kwa kitambaa mpaka mkono usichafuke.

Kufuta huko ndiko kuliwakera wateja. Mzee mmoja aliniuliza, "Fundi, mbona unanifutia mafuta niliyoyalipia?" Nikamwambia, "Mzee, yako yameshaingia ndani. Haya ya nje ni chakula cha mchanga."

Kabla ya kuirudisha naipima kwa rula. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12. Zikizidi kwa thumuni ya inchi, cheni imekwisha, na mara nyingi imeshakwenda na meno ya friweli. Ukifunga cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka, itaruka.

Kuruka kwa cheni si jambo dogo huku. Akina mama wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi soko la Lyulilo, na wachuuzi wengine huvipakia kwenye keria. Cheni ikiruka mpandaji amesimama juu ya pedeli, mguu unashuka bila kukuta kitu, anaanguka na mtaji wake wote. Kwa hiyo mchuuzi wa vyungu aliyeniambia "nipakie tu, nawahi soko" nilimkalisha kwenye benchi. Wengine walikasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Sikuwahi kujuta.

Siku hizi wanaokuja zaidi ni vijana wa bodaboda. Cheni za pikipiki nyingi za huku nazo ni nusu inchi pini hadi pini, ila nene zaidi, na rula yangu inazipima vilevile. Bei ya kuziosha iko juu kidogo kwa sababu zinakula mafuta ya taa mengi. Kijana akilalamika namwita kwenye beseni, namwaga polepole, aone mchanga uliotua chini.