Rwenzori: Anayechoka Mapema Atangulie



Wengi wenu mmetuuliza habari ya picha iliyo ukutani pale tunapokutania kwa likelemba: wamama saba wenye fimbo mkononi na matope mpaka magotini. Ilipigwa kwenye njia ya mlima Rwenzori, miaka ile eneo lilipokuwa na utulivu. Leo tunawasimulia safari ile.

Tuliondoka Mutsora, kituo cha Hifadhi ya Virunga karibu na Mutwanga, mwezi wa saba, kwa sababu wakati huo mvua inapungua. Inapungua tu, kule haikatiki. Kila mama alivaa mabuti ya mpira, akafunga nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na sweta mbili. Vijana wa kijiji walitubebea unga wa fufu, maharagi, samaki makavu na makala. Askari wa hifadhi alituongoza.

Siku ya kwanza tulipita mashamba, kisha msitu, mpaka kibanda cha Kalonge, kwenye mita zaidi ya 2,100. Tulikwenda mbio, kila mmoja akitaka kufika wa kwanza. Usiku magoti yalitudai deni. Asubuhi kiongozi akasema: "Mlima huu hauna mshindi. Anayechoka mapema atangulie, sisi wengine tumfuate."

Huyo alikuwa mama mshonaji, mjane mwenye watoto sita. Aliona haya. "Nitawachelewesha," alisema. Tukamweka mbele hata hivyo.

Siku ya pili tulipita mianzi, kisha miti iliyopinda yenye ndevu za kijivu zinazodondosha maji. Matope yalimeza mguu mzima. Tuliacha kuuliza bado masaa mangapi. Tulihesabu hatua 50, tukapumua, tukaanza tena. Mama mshonaji ndiye aliyehesabu, na kwa mwendo wake hakuna aliyeanguka wala kubaki.

Tulilala Mahangu, kwenye mita 3,300 hivi. Kesho yake tulitaka kupanda Kiondo, kwenye mita 4,200, tuione theluji ambayo wazee wetu wanaiita nzururu. Lakini usiku yule mama mwenye nguvu kuliko sisi wote, aliyetuimbia njiani, kichwa kilimuuma sana, akatapika. Kiongozi alieleza kwamba huko juu hewa ni nyepesi, na mwili usipoizoea, dawa ya kweli ni kushuka.

Tulibishana karibu na moto. Tulikuwa tumeweka franka kidogo kidogo mwaka mzima kwa ajili ya safari ile. Wengine walitaka yeye ashuke na kijana mmoja, sisi tuendelee. Mama mshonaji akauliza: "Mimi mmenisubiri siku mbili. Huyu mnashindwa kumsubiri?"

Hakuna aliyejibu. Kulipopambazuka tulishuka wote, mgonjwa mbele. Kufika Kalonge aliomba fufu, na tukajua amepona. Kilele cha Margherita, mita 5,109, hatukukiona hata kwa mbali, ukungu haukufunguka. Tuliporudi nyumbani, wengine walitucheka kwamba tumekula pesa bure.

Leo, kwa ajili ya usalama, hatumshauri mama yeyote kwenda kule. Na tangu hapo baadhi yetu tumetembea tena siku nyingi, si kwa kupenda: mtoto mgongoni, godoro kichwani, bila kujua tutalala wapi. Safari hiyo haikuwa na kiongozi wala kibanda. Watu walikuwa wanakimbia, kila mtu na wake. Sisi tulisimama kidogo kando ya barabara, tukapangana. Bibi mwenye fimbo alitangulia, na mama mwenye mimba akamfuata. Kisha tukaanza kuhesabu hatua 50.

Tulifika wote.