Shimo Moja Gongoni

Pale Gongoni, mjini Tabora, katika ua wa nyuma wa nyumba moja, pana kipande cha nyasi zisizomea. Ni nyasi bandia, fupi kama manyoya ya zulia, zilizotandikwa juu ya eneo la mita nne kwa sita. Ndani yake pana shimo moja tu, lenye upana wa milimita 108, kipimo kile kile cha mashimo ya gofu duniani kote. Mwenye ua ni mzee mstaafu. Ujana wake aliumalizia Dar es Salaam, akiwabebea fimbo wacheza gofu. Aliujua kila mwinuko wa uwanja, na alijua mpira utapinda wapi kabla mwenye fimbo hajauliza. Lakini kazi yake ilikuwa kubeba, si kupiga.

Kubeba si jambo geni kwa watu wa Unyamwezi. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka Tabora kwenda Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, kila mmoja akichukua karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ikahamia kwenye mabehewa. Livingstone na Stanley waliopita njia ile wanakumbukwa, na tembe waliyokaa kule Kwihara imefanywa makumbusho. Waliobeba, wengi wao hawakuandikwa hata majina. Babu wa baba yake mzee huyu alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana, mwanawe aliyeko Muscat alipomuuliza anataka zawadi gani, mzee hakutaka kanzu wala simu. Alitaka mahali pa kupiga mpira, pake mwenyewe.

Nyasi za kweli zilikuwa muhali. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, na nyasi za kuchezea gofu hudai maji mwaka mzima. Alikumbuka kwamba katika viwanja vya zamani vya nchi kavu, penye shimo hapakuwa na majani kabisa. Palimwagwa mchanga uliochanganywa na mafuta, ukasawazishwa vizuri. Mkewe alikataa mafuta yasimwagwe karibu na mchicha wake. Basi likaletwa zulia la plastiki, na mchicha wenyewe ukang'olewa kulipisha.

Mzee alilitandika mwezi wa Septemba juu ya ardhi tupu, akalipigilia misumari pembeni. Ua ule uko upande wa bondeni, na udongo wake ni wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo huwa mgumu kama saruji, humdanganya mtu kwamba umetulia. Lakini chembe zake ni ndogo mno: zikilowa hunywa maji na kuvimba, zikikauka hunywea na kupasuka. Mvua za Novemba ziliponyesha, maji hayakupata pa kwenda. Zulia likainuka, likawa laelea juu ya tope. Kiangazi kiliporudi, nyufa zikafunguka chini yake, na mpira ukawa unakwenda kama mlevi atokaye kilabuni.

Mkewe, ambaye mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, hakumcheka. Tangu utotoni alikuwa ameona udongo ukichanganywa na vigae vilivyotwangwa ili chungu kisipasuke. "Baba watoto," alimwambia, "umefunika, hukujenga. Yape maji njia, udongo utatulia wenyewe."

Wakaanza upya. Walichimba kwenda chini sentimita 15 na kuuondoa udongo wote uliochimbwa. Sakafu ya shimo wakailaza kidogo, kila mita moja ikishuka sentimita mbili. Upande wa chini wakachimba mfereji na kuzika bomba lenye matundu. Juu ya udongo walitandika kitambaa kizito kipitishacho maji, kizuiacho tope lisipande na kuziba kokoto. Zikafuata kokoto, sentimita kumi, kisha vumbi la kokoto, ambalo lilinyunyiziwa maji na kushindiliwa tabaka kwa tabaka mpaka kisigino hakikuacha alama. Zulia lilirudi mwisho kabisa, likafagiliwa mchanga mkavu uingie kati ya nyuzi na kulikandamiza. Kazi ya wiki tatu ilikuwa chini. Ya juu ilikwisha asubuhi moja.

Mgeni aingiaye ua ule huisifu rangi ya kijani. Hakuna aulizaye habari za kokoto, kama vile wanunuzi wa pembe kule pwani hawakuuliza habari za mabega. Mzee huwaeleza hata wasipouliza, tabaka baada ya tabaka, kana kwamba anataja ukoo.

Mvua zilizofuata zilipita salama. Maji yalichujika, yakatokea kwenye bomba na kumwagikia tuta jipya la mchicha ambalo mkewe alikuwa amelilima mdomoni mwa bomba hilo, bila kumwomba mtu ruhusa. Jioni moja mjukuu wao alikimbia kumshikia babu yake fimbo, kwa adabu, kama afundishwavyo kuwapokea wakubwa mizigo. Mzee hakumruhusu amfuate nayo. Aliuweka mpira chini, mbele ya miguu ya mtoto.

"Usinibebee," alisema. "Piga."